Karani Asiyekula Mshahara

Mtu akitoka kazini amebeba kikombe chake cha chai, kandambili zake na kalenda ya ukutani, hajaenda likizo. Sabuni alimwona karani wa Mama Maturubai akitoka getini na mzigo wa namna hiyo, akajisikia kama mtu aliyepigiwa simu ya heri.

Sabuni hakuitwa hivyo kwa usafi. Aliitwa hivyo kwa sababu kila aliyemshika alibaki na povu mkononi. Ila wiki hiyo povu lilikuwa limemwingia mwenyewe machoni. Mkewe alikuwa kwao akimuuguza mama yake, na nyuma yake Sabuni alikuwa amebeba cherehani ya mke, ile inayowalisha wote wawili, akaipeleka kwa Mzee wa Spea, muuza vitu vikuukuu. Akabadilishana naye kifaa cha kiganjani chenye kioo na kakalamu kasiko na wino. Aliamini atakiuza siku ileile, aikomboe cherehani na abaki na chenji ya kutanua. Siku ileile ilikuwa imepita. Mke angerudi Jumamosi. Akikuta meza ya dirishani iko tupu, Sabuni angehamia nje, na asingehamia kwa muda mfupi.

Mama Maturubai alikodisha mahema, viti na sufuria za shughuli. Alikuwa na mkono wa birika, na viti vilevile aliweza kuwaahidi watu wawili kwa siku moja, mradi wote wametanguliza malipo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba ukarani, nimechoka kulisha watu."

"Mimi? Kazi? Nimekuletea karani asiyekula mshahara."

Mama Maturubai akaacha kufuta vijiko. Sabuni akakifunua kifaa kutoka kwenye leso polepole, kama anayeonyesha jamaa mtoto mchanga.

"Huyu ni katibu wa kiganjani. Unamwambia shughuli zako zote, saa ikifika anakuita mwenyewe: ti-ti-ti! Hali, hachelewi, hana shangazi wa kuzikwa kila mwisho wa mwezi."

"Hana shangazi kabisa?"

"Hana ukoo, mama."

Hapo kwenye shangazi ndipo mama alipovuta kiti. "Sawa. Lakini nione kikifanya kazi kwanza. Nitakulipa Jumamosi asubuhi."

Sabuni alitaka leo hii. Lakini Jumamosi asubuhi bado ilikuwa kabla ya basi la mkewe, akakubali.

Wakaanza. Na kuanza ndiko kulikokuwa na kazi. Sabuni alitia betri, akabonyeza, kioo kikawaka, naye akashukuru kimoyomoyo, maana hata yeye hakuwa na uhakika. Ikajitokeza alama ya kujumlisha kwenye pembe, na maneno: *gusa katikati ya alama*. Mama akagusa. Alama ikahamia pembe nyingine. Akagusa. Ikahamia ya tatu, akaigusa huko. Kisha ikarudi pembe ya kwanza kwa heshima zote: *gusa katikati ya alama*.

"Mbona kinaniuliza kilekile?"

"Kinakuzoea, mama. Kinataka kuujua mkono wako."

"Na kitanizoea lini?"

"Inategemea mkono. Mkono wa mtu mkubwa una mambo mengi."

Kilikuwa kilemba cha ukoka, na mama alikivaa bila kulalamika. Akaendelea kugusa mpaka chai ikapoa.

Sabuni sasa alijua kwamba Mzee wa Spea amemwingiza mjini, yeye mtoto wa mjini. Lakini mdomo wake haukuwa na breki. "Wakati kinakuzoea, nitajie shughuli zako. Nitaziingiza kwa mlango wa nyuma."

Mlango wa nyuma ulikuwa kichwa cha Sabuni mwenyewe.

Asubuhi yake, mama akiwa mezani anagusa katikati ya alama, ikasikika sauti kutoka nyuma ya rundo la viti vya plastiki: "Ti-ti-ti!" Mara Sabuni akatokea akijifuta suruali.

"Umesikia, mama? Kimelia! Leo ni harusi ya binti wa mwenye duka la dawa. Hema kubwa lifike kabla jua halijawa kali."

"Mbona kimelilia huko kwenye viti?"

"Mwangwi, mama."

"Na mbona kimekohoa?"

"Vumbi la hapa. Hata vifaa vina vifua."

Ikawa ndiyo kazi yake. Kulia nyuma ya viti, kutokea, kukimbia. Alipogundua kwamba viti vyekundu vimeahidiwa wenye uchumba na pia wenye mkutano wa kampuni, alikwenda mwenyewe kwa wenye kampuni akawaaminisha kwamba siku hizi wakubwa wanakaa kwenye mabenchi, yananyoosha mgongo. Wakamshukuru. Alituliza bibi harusi aliyeletewa hema lenye tobo kwa kumwambia tobo ni la kupitisha hewa. Hata sufuria kubwa moja ilipokosa kurudi, aliifuata mwenyewe akaibeba kichwani, huku akijiambia kwamba yeye ni mfanyabiashara. Wateja wakaanza kuuliza, "Yuko wapi yule karani mpya mwenye maneno matamu?"

Jumamosi asubuhi alijipanga mbele ya meza, kola imenyooka.

"Mama, siku imefika."

"Imefika." Mama Maturubai akamwekea kifaa kiganjani. "Chukua. Kibovu."

"Kibovu? Wiki nzima kimekupangia shughuli zako!"

"Wiki nzima kimepiga mluzi nyuma ya viti vyangu. Alhamisi kikapiga na chafya."

Sabuni akakifunga kifaa kwenye leso. Alitoka mbio hadi kwa Mzee wa Spea, akakitupa kifaa juu ya rundo la pasi za zamani.

"Mzee, chukua chako, nipe cherehani yangu. Nakuomba, mke wangu yuko njiani!"

"Ile? Niliipeleka kwa dada yangu siku uliyoileta."

"Dada yako nani?"

"Si huyo unayemfanyia ukarani?" Mzee akakipangusa kifaa kwa upendo, akamrudishia. "Mrudishie, kitahitajika. Yule aliyetoka na kikombe naye alikwenda kumuuzia hikihiki. Kizuri sana hiki. Hakijawahi kukosa kumletea dada karani."

Sabuni alirudi kwa Mama Maturubai. Kutoka stoo ya mahema akasikia mlio alioujua: trrrr, trrrr. Alichungulia. Mkewe alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, begi la safari miguuni, pini mdomoni, anashona vitambaa vya kuvisha viti.

"Mke wangu! Umefika saa ngapi?"

Mke akatoa pini. "Nimeshuka kwenye basi la alfajiri, nikaja moja kwa moja. Mama Maturubai alinipigia simu mapema wiki hii. Alisema, mwanangu, cherehani inayonishonea vitambaa vya meza imefikaje kwa kaka yangu? Nikamwambia aishike, na mwenye kuileta amshike pia mpaka nirudi."

"Cherehani yake nimemrudishia," alisema Mama Maturubai kutoka mlangoni. "Na hapa analipwa kila kiti."

"Na mimi?"

"Wewe si ndiye karani asiyekula mshahara?"

Sabuni akamgeukia mkewe, akaivaa ile sauti yake laini kuliko zote. "Basi nipe ufunguo wa nyumba nikapumzike, mpenzi."

"Ufunguo ninao. Kwanza nikuzoee."

"Utanizoea lini?"

"Inategemea mkono." Mke akarudisha pini midomoni, akakanyaga pedeli, na kupitia meno yaliyobana pini akapiga mluzi: "Ti-ti-ti. Hema la watu wa kipaimara, baba. Jua linakuwa kali."

Kifaa kikawaka mkononi mwa Sabuni, kikamwomba aguse katikati ya alama. Hakuwa na nafasi ya kugusa. Alikuwa ameshainama kubeba viti.