Perege Themanini na Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza kazi. Ni wiki ya sita tangu kiwanda cha sabuni kifunge stoo na kuniambia, mimi niliyetunza funguo zake miaka kumi na tisa, niende nyumbani nikapumzike. Nimepumzika. Imetosha.

Kuanzia leo mimi ni mfugaji wa samaki na mkulima wa mboga, vyote kwa mpigo, uani kwangu. Mpango ni rahisi, hata shemeji angeuelewa. Samaki wanakaa kwenye tangi. Mboga zinakaa juu yao, kwenye beseni kubwa la kokoto, bila udongo. Pampu inapandisha maji machafu ya samaki, mboga zinakula uchafu, maji yanarudi chini safi. Hakuna kupalilia. Hakuna kubeba ndoo. Nimeona yote kwenye simu ya kinyozi, dakika nne tu, upande mmoja wa kichwa ukiwa bado haujanyolewa.

Haraka ni lazima. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anakodisha viti na maturubai ya sherehe, na anautaka ua wangu uwe ghala. Viti mia na hamsini. Anasema ua umekaa bure. Tafsiri: mimi nimekaa bure. Mke wangu ametoa hukumu. Jumapili ya tarehe 17 mama yake anakuja kula chakula cha mchana. Siku hiyo kama kuna kitu kinaota uani, ua ni wangu. Kama hakuna, viti vinaingia.

Siku kumi na tatu. Nitamaliza kwa saba.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa muuza vifaranga wa samaki. Mzee mpole, vidole vimekunjamana kwa maji. Nikamwambia nataka perege themanini. Akauliza tangi langu lina umri gani. Nikasema la jana.

Akaweka kikombe chake cha chai chini. Akasema nijaze maji, niyaache siku mbili tatu dawa ya bombani iishe. Kisha nianze na samaki watano, sita wakizidi, na nisubiri mwezi mzima maji yakomae, ili vijidudu wanaogeuza uchafu kuwa chakula cha mboga wapate kuzaliana kwenye kokoto.

Nikamwambia maji si ndizi. Hayakomai.

Alinitazama kidogo, kisha akanihesabia themanini bila neno jingine. Mtu akiishiwa hoja hunyamaza.

Nimejaza tangi moja kwa moja kutoka bombani. Nimemwaga mbegu za mchicha kwenye kokoto. Saa tisa samaki wameingia. Saa kumi nimewapa chakula. Saa kumi na moja nimewapa tena, maana walionekana wageni na mgeni haachwi na njaa.

Alhamisi, 7 Machi

Samaki wengi wako juu ya maji.

Mke wangu ni mkunga. Amerudi kutoka zamu, akasimama kando ya tangi na sare yake, mkoba begani. Nikamwambia wanapumzika.

"Wote chali?" akauliza.

Nikasema ndivyo perege wanavyolala. Akasema yeye ameshika viumbe wengi maishani mwake na anamjua aliyelala na aliyeondoka. Akaenda kuoga.

Nimezika sabini na mmoja nyuma ya jiko, kwa koleo la kuzolea majivu. Sikuona haya. Tisa wamebaki, na hao ndio mbegu bora. Dhaifu wamejichuja wenyewe. Yule mzee alisema nianze na wachache. Basi ninao wachache.

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji amekuja na utepe wa kupimia. Amepima ua wangu urefu na upana, mguu mmoja ndani ya beseni langu. Akauliza kama kuna paka amekufa jirani. Nikamjibu hiyo ni harufu ya kilimo cha kisasa, na kwamba pua iliyozoea plastiki ya viti haiwezi kuitambua. Akaandika vipimo mkononi kwa kalamu akaondoka akipiga mbinja.

Mbegu zimechipua. Zimechipua njano. Nimezitazama kwa muda mrefu na nimeamua kutozitazama tena.

Asubuhi mke wangu alirudi kutoka zamu ya usiku, macho mekundu. Akina mama watatu walijifungua kwa mfululizo. Pampu yangu inakoroma chini ya dirisha la chumba chetu. Nikaizima alale. Alilala kweli, hata viatu hakuvua. Nami nikasahau kuiwasha mpaka saa nane.

Wanne wamekufa kwa kukosa hewa. Wamebaki watano.

Alipoamka akauliza kwa nini pampu ilikuwa kimya. Nikasema nilikuwa nafanya majaribio. Akanitazama kama anavyomtazama mjamzito anayekana uchungu. Amenipikia uji.

Jumamosi, 16 Machi

Kesho ni kesho. Nina samaki watano wadogo kama vidole na miche saba ya njano. Mtu mwingine angeinua mikono. Mimi nimekwenda sokoni.

Nimenunua mafungu thelathini ya mchicha ulionona, na mizizi yake. Muuza mboga akauliza kama nimefungua hoteli. Nikamwambia nimefungua shamba. Akanipa fungu moja la nyongeza, nadhani kwa huruma, lakini nimelipokea kama mkulima anavyopokea kutoka kwa mkulima mwenzake.

Kesho asubuhi, mke wangu akiwa jikoni, ninayapanda yote kwenye kokoto. Huu si uongo. Mboga zikiwa kwenye beseni langu zinakunywa maji yangu. Tangu hapo ni zangu.

Jumapili, 17 Machi

Niandike kama ilivyokuwa.

Saa nne beseni lilikuwa msitu. Shemeji alipofika, tabasamu lilimfutika usoni. Alizunguka mara mbili. Alitia kidole kwenye maji. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Jumatatu hakuona hivi. Nikamwambia Jumatatu alikuwa anatazama utepe. Zilikuwa dakika nane tamu kuliko zote tangu stoo ifungwe.

Kisha akaja mama mkwe. Amelima maisha yake yote, magoti yamechoka, anatembea ameshika ukuta. Aliniomba mkono, akainama juu ya beseni, akashika shina moja, akavuta.

Likatoka fungu zima, limefungwa kamba ya soko.

Akaligeuzageuza. "Mkwe wangu," akasema polepole, "mchicha wako umeota ukiwa umeshafungwa."

Nikasema ni aina mpya.

Shemeji alicheka mpaka akashika nguzo ya kuanikia nguo. Mke wangu alitazama chini. Hapo ndipo nilipoumia. Si kicheko, ni yeye kutazama chini. Sikukimbia. Nilimpokea lile fungu, nikalishika kwa kamba yake na kusema kwamba ningefanya hivyo tena.

Mama mkwe alikuwa hasikilizi. Alikuwa anayang'oa mafungu moja moja na kumpa shemeji ayashike, mpaka mikono ya shemeji ikajaa na kicheko kikakatika. Chini kabisa, pale maji yanapoingilia, akaikuta ile miche saba. Sikuwa nimeitazama vizuri tangu Jumatatu. Majani ya chini yalikuwa bado njano. Ya juu, mapya, madogo kama kucha, yalikuwa kijani.

"Hii nani kapanda?"

Nikasema mimi, lakini ni mibaya.

"Ni yako. Mbona umeifunika kwa ya watu?"

Nikaanza kuifungua ile kamba ya soko.

Shemeji akasema miche saba si shamba. Mke wangu akainua uso. Akasema hukumu aliitoa yeye, na alisema kitu kinachoota, hakusema shamba. Kisha akaongeza, bila kunitazama, kwamba kuna mtu alizima pampu ili yeye alale, na mtu huyo alidhani mkunga hawezi kujua kilichotokea chini ya dirisha lake mwenyewe.

Mama mkwe akakata shauri. Nusu ya ua ni ya viti, nusu ni yangu. Akanishika kiganja na kuniagiza: samaki ni hao watano, miche ni hiyo saba, nisiongeze chochote mwezi mzima. Nikamwapia.

Chakula cha mchana tulikula mchicha. Ulikuwa mwingi sana.

Jumatano, 20 Machi

Viti vimeingia. Mia na hamsini, vimepangwa mpaka kwenye ukingo wa beseni langu. Shemeji amekwenda safari mpaka wiki ijayo.

Siku tatu nimekaa nikitazama samaki watano wakizunguka. Ni kazi ya heshima lakini haimtoshi mtu mwenye akili. Leo asubuhi nimegeuka, nikaviona vile viti. Vimekaa bure. Turubai nalo lipo.

Nimeandika ubao kwa rangi nyekundu na kuutundika getini: SEMINA YA UFUGAJI WA SAMAKI NA MBOGA BILA UDONGO. MTAALAMU MWENYE UZOEFU. Kufikia saa sita watu arobaini na wawili wamejiandikisha. Muuza mboga anakuja na dada zake.

Sasa, watu hawawezi kutoka makwao kuja kutazama samaki watano. Nimeagiza mia mbili, kwa muuzaji mwingine, asiyeuliza maswali. Wanafika Ijumaa jioni. Semina ni Jumamosi saa tatu.

Usiku mmoja wa kuzoea tangi unawatosha.