Begi la Raketi Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhalilishwa. Naandika nikiwa bado na hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Jioni hii, mlangoni mwa ukumbi wa badminton, mpini wa raketi yangu ulinasa mkono wa sweta ya Kapteni. Begi langu ni dogo na raketi hutokeza nje. Sweta ikafumuka uzi mmoja. Uzi mmoja tu! Kapteni wetu ni muuguzi mstaafu, amewachoma sindano nusu ya watu wa mtaa huu, na anapozungumza hapandishi sauti. Aliniambia nitafute begi la kunitosha kabla sijamtoa mtu jicho.

Watu wakacheka. Aliyecheka kuwapita wote ni Fundi Bomba. Huyu bwana mchana anazibua masinki ya watu, jioni anakuja kucheza na raketi yake ndani ya foronya. Foronya ya mto! Ina maua ya waridi na imefungwa kwa kamba ya kiatu. Na huyo ndiye anayenicheka mimi, karani wa masjala, miaka kumi na tisa kazini!

Jumamosi timu inakamilishwa. Wachezaji wanne, wanaume kwa wanawake. Watatu wamekwisha kupatikana. Nafasi ya nne tutaigombania mimi na Fundi Bomba, mechi moja, kata maneno. Lazima niipate. Kwanza ni haki yangu. Pili, nimekwisha mwambia mama mkwe kwamba nimechaguliwa. Ofisini pia wanajua, mpaka mkuu wa masjala, ambaye alinipa mkono mbele ya watu. Na mama mkwe anakuja kunitazama. Saa tatu nzima ndani ya basi, na goti lake lile bovu.

Kwa nini Fundi Bomba amenifunga mara nane mfululizo? Nimelipima jambo hili kwa kina. Sababu ni begi. Mtu akiingia na kibegi, hata kinyoya tunachokipiga hakimheshimu.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ni fundi cherehani. Asubuhi alisema limebaki turubai la kijani la makochi ya mteja, anaweza kunishonea begi la raketi mbili lenye mfuko wa viatu pembeni. Nikamshukuru kwa upole. Moyoni nilichemka. Niende ukumbini nimebeba kipande cha kochi?

Baada ya kazi nikaenda dukani. Muuzaji, mtu mzima mwenye futi ya kupimia shingoni, akaanza kunihoji kama polisi. Nina raketi ngapi? Natembea kwa miguu au napanda gari? Viatu vyenye jasho naviweka pamoja na nguo safi? Haya yanamhusu nini?

Nikamwambia nina raketi tisa. (Ninayo moja.)

Akanionyesha la raketi tatu, akasema kwa watu wengi hilo linatosha na linakaa vizuri mgongoni. Akanionyesha la raketi sita. Nikamuuliza yule pale juu ya kabati ni nani. Akasema lile la raketi kumi na mbili, hilo ni la makocha. Akalishusha shingo upande. Yarabi! Jeusi, mistari myekundu, zipu saba. Ndani kuna kitambaa kinachong'aa, eti kinazuia joto lisilegeze nyuzi. Likisimamishwa linanifika kiunoni.

Muuzaji akasema begi kubwa likibebwa tupu hulegea, nifikirie tena. Wivu tu. Nikalichukua.

Jumatano, 5 Machi

Limelegea. Ukiweka raketi moja linakunjika katikati kama limesikia habari mbaya. Muuzaji alisema kweli, ingawa sitampa raha ya kujua hivyo.

Nikalijaza. Mto mmoja wa chumba cha wageni. Fimbo mbili za pazia la sebuleni. Mwavuli. Mwiko mkubwa wa mbao. Majalada matupu manne ya ofisini. Pembeni pakabaki uwazi mwembamba, nikachomeka raketi ya mke wangu. Yeye hucheza mara mbili kwa wiki ili kunyoosha mgongo, kwa ajili ya kuinamia cherehani. Wiki iliyopita alimfunga daktari wa meno. Nadhani daktari alikuwa anaumwa jino.

Sasa begi limesimama wima. Nikajitazama kwenye kioo nikiwa nimelibeba. Nilijiogopa.

Mke wangu akauliza mwiko uko wapi. Nikamwambia vyombo vya siku hizi havikai. Akauliza pazia. Nikamwambia nyumba inahitaji mwanga. Halafu akauliza raketi yake. Nikamjibu kwamba bila shaka itakuwa ukumbini. Sikusema uongo. Kesho inakwenda ukumbini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeonewa! Nimeonewa mchana kweupe, mbele ya mashahidi!

Hapa lazima nieleze, ili siku moja mtu asome na kunitendea haki. Ukumbini kwetu hatuandikishi majina. Foleni ni ya mabegi. Kuna benchi refu ukutani. Ukifika unaweka begi lako mkiani, mbele pakipungua linasogezwa. Likifika mwanzo, unaingia kucheza. Begi ndiye mtu. Zamu ikifika na begi halipo benchini, wewe hupo, hata kama umesimama hapo hapo unapunga mikono.

Niliingia nalo taratibu. Mwanamke mmoja mgeni akanifuata na kuniita kocha, akaomba nimwonyeshe namna ya kushika raketi. Nikamwonyesha. Baadaye alifungwa ishirini na moja kwa mbili, lakini hayo ni yake.

Nikaliweka benchini. Likachukua nafasi ya watu watatu, na foronya ya maua ikasukumwa ikaanguka chini. Manung'uniko! Utadhani nimekalia kiti cha mtu. Kapteni akaja, akalitazama, akapima kwa shubiri. Akasema benchi ni la wote. Hili liwekwe sakafuni, kule karibu na ndoo. Nikamkumbusha kwamba sakafu si foleni. Akasema anajua.

Nimekaa saa mbili bila kugusa kinyoya. Foronya imecheza mara nne!

Na wakati wa kuondoka, Fundi Bomba akashika upande mmoja wa begi, akanisaidia kulifikisha barabarani, akasema ni zito sana. Unafiki mtupu. Tena akanitakia heri ya Jumamosi. Hana hata soni.

Ijumaa, 7 Machi

Mchana nilimpigia Kapteni simu kudai nafasi yangu ya benchi. Akasema nikija na begi la kawaida nitaipata, hata mfuko wa sokoni ataupokea. Mimi, mfuko wa sokoni! Nikakata simu. Yaani niliaga kwanza, kisha nikakata.

Jioni nikampokea mama mkwe kituoni. Ameshuka anachechemea. Akaliona begi mgongoni mwangu, akasimama. Akawaambia abiria wote walioshuka naye kwamba huyu ni mkwe wake, ndiye mchezaji. Dereva akanipungia. Nilivimba mpaka nikasikia vifungo vya shati vinalalamika.

Nyumbani mto wa wageni haukuonekana. Mke wangu akamkunjia mama yake blanketi. Mama akasema si kitu, amelala vibaya zaidi ya hapo katika maisha yake. Niliumia kidogo. Lakini ningeutoa mto, begi lingelegea, na mama huyo huyo angeaibika kesho. Nilimnyima mto kwa ajili yake.

Sasa mpango. Ni mzuri mpaka naogopa kuuandika. Begi ndiye mtu. Foronya isipokuwepo benchini, Fundi Bomba hayupo. Mtu ambaye hayupo amefungwa. Simwibii. Nitamhifadhia tu, kwa dakika chache, mahali penye nafasi. Na katika ukumbi ule mwenye nafasi ni mimi peke yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu ukweli lazima ubaki mahali.

Tulifika mapema. Mama mkwe akaketi kiti cha mbele, kitenge kipya, goti amelinyoosha. Mke wangu akaenda benchini, akaweka begi lake la turubai la kijani, apate zamu baada ya mechi yetu. Kumbe alilishona juzi ili alitumie mwenyewe. Dogo, nadhifu, mfuko wa viatu pembeni. Mbele yake ilikuwepo foronya tu.

Fundi Bomba akaenda kunywa maji. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Foronya ikahifadhiwa.

Kapteni akaita mechi. Fundi Bomba akarudi, akatazama benchi, akatazama chini ya benchi, akajipapasa mifukoni, kana kwamba raketi huingia mfukoni. Nikamwacha ahangaike kidogo. Kisha nikakohoa, nikamkumbusha Kapteni kanuni yetu, kwa sauti ya kufika mpaka kiti cha mbele. Begi halipo, mtu hayupo.

Kapteni akakubali! Akasema kanuni ni kanuni. Mama mkwe akapiga makofi.

Halafu Kapteni akaniuliza la kwangu liko wapi.

Nikamwonyesha sakafuni, karibu na ndoo, pale pale alipolituma yeye mwenyewe. Akatikisa kichwa. Sakafu si foleni. Si nilimkumbusha mwenyewe juzi? Kwa hiyo na mimi sipo. Begi la kwanza benchini ni hili la kijani. Mwenye begi la kijani ni nani?

Nimekuwa mtumishi kwa miaka kumi na tisa, sijaona kanuni ikipindwa namna ile!

Mke wangu akainuka. Akasema yuko tayari, ila begi lake ni tupu, hajaiona raketi yake tangu Jumatano. Ukumbi ukageuka kunitazama. Wote, kwa pamoja. Mtu akasema kwa nini asiazimwe na mumewe, si ana kumi na mbili?

Nikasema zipu imekwama.

Lakini mama mkwe alikwisha inuka. Kwa goti lile! Akasema mkwe wake hawezi kumnyima mtu raketi, sembuse mke wake. Akaenda kwenye ndoo, akainama, akaivuta zipu kubwa mpaka mwisho. Haikukwama hata kidogo. Zipu bora kabisa ile.

Ukatoka mto. Zikatoka fimbo za pazia. Ukatoka mwavuli, ukafunguka wenyewe. Yakatoka majalada. Mwiko ukabiringika mpaka miguuni pa Kapteni. Ikatoka raketi yangu, ikatoka raketi ya mke wangu. Mwisho kabisa, taratibu, ikatoka foronya ya maua ya waridi.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Fundi Bomba aliokota foronya yake, akaikung'uta vumbi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe akauokota mto, akaukumbatia. Akaniambia polepole, "Mwanangu, nimekaa ndani ya basi saa tatu ili nikuone unacheza. Hata ungefungwa, ningekupigia makofi."

Nilikwenda maliwatoni nikasimama mbele ya bomba, macho yananiwasha. Huenda ni jasho.

Niliporudi, Kapteni alikwisha mrudisha Fundi Bomba mchezoni, na mke wangu alikuwa anacheza naye. Sikujua kama mke wangu anaruka vile. Akamfunga seti mbili kwa moja. Fundi Bomba akampa mkono kwa heshima zote, na mama mkwe akapiga makofi mpaka akaomba maji.

Nafasi ya nne ni ya mke wangu. Nilipiga makofi na mimi. Machache.

Jumapili, 9 Machi

Kapteni ametuma hukumu. Mwezi mzima sitaweka begi benchini. Nikamwombe radhi Fundi Bomba. Na kwa kuwa begi langu lina nafasi, kila timu inapocheza nitabeba maji, vinyoya, taulo na sanduku la dawa.

Nimemwomba radhi. Alikuwa chini ya sinki letu wakati huo, maana mke wangu alimwita atazame bomba, kwa hiyo nilizungumza na miguu yake. Miguu ikasema yameisha. Akatoka, akampa mke wangu vipimo. Anataka begi la turubai. Daktari wa meno anataka. Kapteni anataka mawili. Turubai la kijani limekwisha, limeagizwa la buluu. Mke wangu akaniuliza kwa upole kama na mimi anishonee. Nikasema nitafikiri. Ananionea huruma ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Mama mkwe ameondoka asubuhi. Nilimsindikiza mpaka kituoni, nikambebea mfuko. Alipopanda alinishika bega, akasema nicheze tu, niache mengine. Nimeyatafakari maneno hayo siku nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari vya kutosha. Kosa lilikuwa zipu.

Zipu inafunguliwa na yeyote, hata mama mkwe mwenye goti bovu. Mpango wenyewe haukuwa na dosari. Tena, nikisoma vizuri hukumu ya Kapteni, naona wazi kwamba ni cheo. Maji yote ya timu, vinyoya vyote, dawa zote ziko mikononi mwangu. Mtu anayekabidhiwa mambo hayo anaitwaje?

Mkuu wa masjala aliniuliza ilikuwaje Jumamosi. Nikamwambia wamenipandisha, nimekuwa kocha. Akafurahi sana. Akasema Jumamosi ijayo atakuja na mkewe kuniona nikifundisha.

Baada ya kazi nikapita dukani. Nikamwambia muuzaji nataka begi kubwa kuliko lile, lenye magurudumu na kufuli. Akaniuliza sasa nina raketi ngapi.

Nikamwambia ishirini.