Mgongo wa Malkia

Jumatatu, 6 Juni 2005

Baridi kali. Manyunyu tangu asubuhi. Nimefika kazini nikiwa nimechelewa dakika ishirini, na Nzula tayari amefagia, amepanga padi za kuchezea na kuwasha runinga zote nane. Hufanya hivyo makusudi ili mimi nionekane mzembe.

Habari kubwa! Bwana Athman anafungua duka la pili la gemu, huko Hurlingham, Jumamosi hii hii. Anahitaji meneja. Ni mimi au Nzula. Alituita nyuma ya kaunta akasema, kwa ule upole wake wa Kipwani, kwamba hatatazama nani alitangulia kuajiriwa, atatazama kazi. Mwezi uliopita kila mmoja wetu alimshauri anunue gemu moja mpya. Nzula alitaka ya kandanda. Mimi nilitaka Taji la Majivu, ile iliyotengenezwa kutokana na zile filamu tatu za malkia na jeshi lake, kwa sababu foleni ya sinema niliiona kwa macho yangu. Sasa kila gemu imewekewa daftari. Mchezaji akimaliza anaandika maoni yake, pamoja na jina, mtaa, simu na namba ya kipande, yaani kitambulisho. Bwana Athman haamini maandishi yasiyo na namba ya kipande. Ijumaa atasoma. Daftari litakalomridhisha, mwenye gemu hiyo anakwenda Hurlingham.

Shida ni moja tu. Mimi ni meneja wa Hurlingham tayari. Angalau kule Woodley, nyumbani kwa kina Waceke. Tetesi zilipoanza nilimwambia Waceke, mpenzi wangu, kwamba kazi nimeshapewa, yeye akamwambia mama yake, na mama hakukawia kumwambia baba. Jumapili nakwenda kwao kubisha hodi rasmi. Swali la kwanza litakuwa kazi. Baba Waceke alikuwa karani wa mafaili kwa miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu, na inasemekana hasahau kitu. Nimemsalimia mara mbili tu, mlangoni mwa kanisa. Mara zote mbili alitazama viatu vyangu.

Nisipopata Hurlingham, nimempoteza Waceke.

Jumanne, 7 Juni

Nimejificha stoo kusoma maoni ya kwanza ya Taji la Majivu. Heri nisingesoma.

Mchezaji wa Ngara anasema inachosha: unampiga adui, kisha unasimama umngoje naye akupige, kama watu wawili kwenye foleni ya benki. Wa Pangani analalamika kwamba alilipia kuwa malkia akafanywa mpagazi wa kubeba vyungu nyuma ya jeshi. Wa tatu ameandika mstari mmoja: nimecheza saa mbili, malkia nimeona mgongo tu.

Mgongo! Huyu hakufika mbali. Filamu ya tatu niliitazama mwenyewe. Malkia anakufa juu ya ukuta wa mji, theluji inaanguka, ukumbi mzima unavuta kamasi. Gemu imetoka kwenye filamu, basi malkia lazima afe. Mimi binafsi sijaicheza. Meneja hachezi, anasimamia.

Kufikia saa sita daftari la kandanda lilikuwa na maoni arobaini na moja. Langu lina matatu, na yote matatu ni matusi. Nzula alinitazama kwa huruma. Huruma yake naiogopa kuliko dharau.

Jumatano, 8 Juni

Nimepata njia. Mungu hamtupi mja wake.

Oloo ni askari wa mlangoni kwenye jengo letu. Kila anayeingia anaandikishwa kitabuni: jina, namba ya kipande, simu, ghorofa anayokwenda na sababu ya kuja. Hakuna Mnairobi anayekataa. Ukimwekea Mnairobi kitabu na kalamu iliyofungwa kwa uzi, ataandika bila kuuliza. Sasa kitabu kikijaa, Oloo hukitia kwenye boksi chini ya meza. Nilimpelekea chupa ya chai na mandazi mawili, nikamwomba kile cha Mei hadi kesho. Alikubali, lakini akaninyooshea kidole. “Buda, hii kitabu ikipotea, mimi ndio nitalala ndani.”

Yale maoni matatu ya matusi nimeyachana, kisha nikanakili watu thelathini na saba. Kalamu sita tofauti. Wengine nimewaandika kwa mkono wa kushoto. Mitaa nimewagawia mwenyewe, mizuri mizuri. Maoni yote ni ya sifa: vita vinasisimua, mwisho unauma, malkia alipofariki sikula chakula cha jioni.

Mmoja nimempenda kuliko wote. Ezra Kuria Mbatia. Amejiandikisha tarehe 27 Mei, kila herufi imesimama wima kama mwanafunzi wa zamani mbele ya mwalimu. Sababu ya kuja: kuuliza habari. Ghorofa: ya kwanza, yaani yetu. Sijui alitaka habari gani. Labda alipotea. Mtu mwenye mwandiko huo anastahili maoni yaliyo bora, nikampa Parklands na nusu ukurasa: “Nimekuwa mchezaji wa gemu miaka mingi, lakini hii imenishinda nguvu. Malkia alipokata roho nililia kama mtoto. Mke wangu alidhani kuna msiba.”

Niliposoma tena, nililengwalengwa na machozi mwenyewe.

Jumatatu na jana sikulala vizuri. Leo nitalala.

Alhamisi, 9 Juni

Hujuma!

Nimefungua daftari langu asubuhi nikakuta mwandiko wa Nzula. Ameandika ukurasa mzima, na jina lake na kipande chake chini. Anasema jana alibaki akaicheza Taji la Majivu baada ya kazi. Anasema si kama filamu, na ndiyo maana ni nzuri: filamu ziliwaonyesha wakubwa, gemu inawaonyesha wanaowabebea mizigo. Unaanza kuwajali wale wapagazi wanne. Mpishi wao akiumia unaumia. Malkia anapita mbele na huoni ila mgongo wake, na hivyo ndivyo wakubwa wanavyoonekana ukiwa nyuma. Anashauri iwekwe Hurlingham.

Adui hakusifu bure. Nimekaa na ukurasa huo kutwa nzima nikitafuta sumu iko wapi. Sikuiona, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nimeuchana, nikaukunja, nikautia mfukoni.

Mchana wale wa Ngara na Pangani walirudi. Wameizoea. Walikaa saa tatu wakibishana kama mpishi apewe ngao au dawa, na walipomaliza wakataka daftari wabadilishe maoni yao. Nikawauliza wataandika nini. Wakasema wataandika habari za mpishi. Nikawaambia daftari limejaa. Maoni ya mpishi yangevuruga mpango, wenzao thelathini na saba wamemlilia malkia.

Nzula aliniuliza polepole, wakati tunazima mashine. “Haron, kwani hii gemu umeicheza kweli?” Nikamwambia naijua ndani nje.

Ijumaa, 10 Juni

Bwana Athman alisoma daftari langu baada ya kutoka msikitini. Alisoma taratibu, akigeuza kurasa kwa kidole kimoja. Mimi nilikuwa nikipanguza runinga ileile moja kwa nusu saa. Alipofika mwisho alinyanyua kichwa akasema ameguswa. Moyo ukaniruka. Kisha akasema anataka kumwona huyo aliyemgusa. Mtu aliyelia hivi, alisema, si wa kuachwa nyumbani. Kesho aje Hurlingham akate utepe, akae kiti cha kwanza, acheze mbele ya wageni.

Ezra Kuria Mbatia!

Nilijaribu kila kitu. Nikasema labda amesafiri. Nikasema watu wa Parklands hawapendi kusumbuliwa Jumamosi. Bwana Athman akashika simu. Nikamnyang'anya kwa adabu, nikasema kazi ndogo kama hiyo aniachie mimi.

Nilimpigia kutoka kwenye kibanda cha simu ya jamii, mgongo ukinitoka jasho katika baridi ya Juni. Alijibu mtu mzima, mwenye mafua, wa maneno machache. Nikamweleza kwamba amechaguliwa mgeni wa heshima, kutakuwa na chai na chakula cha mchana. Kazi yake ni kusema kwamba amecheza gemu na alilia malkia alipokufa. Kisha akauliza:

“Alikufa lini?”

Nikamwambia filamu ya tatu, mwishoni. Akasema Mungu amlaze pema. Halafu akauliza mimi ni nani. Jina langu ningelitajaje? Nikasema mimi ndiye meneja wa Hurlingham.

Hapo sauti yake ikawa laini mno. Akasema basi atakuja, hilo hawezi kulikosa.

Mzee mwema. Hatari imepita.

Jumamosi, 11 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nguvu ya kuvivua sina.

Duka jipya liko barabara ya Argwings Kodhek, ghorofa ya chini, rangi bado inanuka. Bwana Athman alivaa kanzu nyeupe. Runinga kubwa ikawashwa, Taji la Majivu ikatiwa. Saa nne kamili Waceke akaingia. Nilifurahi! Nilidhani amekuja kunishangaza. Nikamkimbilia, na nyuma yake nikamwona baba yake, kofia kichwani, mwavuli mkononi. Alitazama viatu vyangu.

Nilikuwa bado namtafutia kiti alipotoa kipande chake na kukiweka juu ya kaunta. Nikasoma jina. Nimelisoma mara tatu. Ezra Kuria Mbatia.

Mwaka mzima namjua Waceke. Mwaka mzima mzee huyu ni Baba Waceke. Nyumbani ni Baba Waceke, kanisani ni Baba Waceke, hata kwenye simu ya Waceke ameandikwa Baba. Nani humuuliza mzee jina lake?

Bwana Athman, maskini, hakujua lolote. Alimkaribisha kwa mikono miwili, akamsomea maoni yake mwenyewe mbele ya watu, mpaka pale mke wake alipodhani kuna msiba. Mzee akaomba daftari. Akavaa miwani.

“Hii namba ni yangu,” alisema. “Lakini hii mwandiko si yangu. Na Parklands mimi sijawahi kaa.”

Bwana Athman akauliza, basi kilio? Mzee akajibu kwamba hilo alifundishwa jana kwa simu na meneja wa Hurlingham. Bwana Athman akasema Hurlingham haijapata meneja. Hapo macho yote yakanigeukia. Waceke alikuwa wa mwisho kunitazama, na alipotazama nilitamani angekuwa wa kwanza kuondoka.

Bwana Athman hakupaza sauti. Angepaza ningepona. “Haron mwanangu,” alisema, “hata machozi umemzulia mtu?” Aliniuliza kama kuna maoni hata moja ya kweli ndani ya daftari lile. Ukurasa wa Nzula ulikuwa mfukoni mwangu. Niliugusa. Sikuutoa. Akachukua funguo za duka akamkabidhi Nzula.

Kisha mzee akafanya jambo ambalo silielewi mpaka sasa. Akaketi mbele ya runinga, akasema anataka kumwona huyu malkia aliyemliza. Nzula akampa padi, akamwonyesha vitufe. Akacheza saa nzima, mwavuli kati ya magoti. Alifurahi kwamba hata adui anangoja zamu yake. Alikataa kabisa mpishi apewe ngao, akasema mpishi apewe dawa. Malkia alipopita mbele na mgongo wake, mzee akanigeukia. “Kumbe ni mzima,” alisema.

Alipoinuka aliomba daftari tena akaandika kwa ule mwandiko wake wa wima: Hawa ni watu wa kazi. Iwekwe.

Waceke ndiye aliyenieleza mengine, nje, bila kunitazama. Ile tarehe 27 Mei baba yake alikuja mjini kuuliza habari zangu. Alimkuta Nzula. Nzula akamwambia meneja hajachaguliwa bado, lakini Haron ni mtu mwenye moyo na anajitahidi. Mzee akaridhika. Alikuwa anajua siku zote. Alichokuwa anangojea ni Jumapili, aone kama nitamwambia ukweli kwa mdomo wangu. Ningemwambia, asingekataa.

Nimeona haya. Haya ya kweli.

Jumatatu, 13 Juni

Kuna matumaini!

Waceke amepiga simu. Jana alilia, mama yake akamwonea huruma, na baba amelegeza kidogo. Nitapokewa Jumapili ijayo, kwa sharti moja. Nimpelekee kwanza majina ya watu wawili wazima walionijua kwa miaka kumi au zaidi, wanaoweza kusema mimi ni mtu wa namna gani. Jina, simu, namba ya kipande. Atawapigia mwenyewe.

Nimemfikiria mjomba wangu wa Wangige. Ananijua kwa miaka ishirini na minane, na hiyo ndiyo shida. Nzula angekubali, najua, lakini ananijua kwa miaka miwili tu, na sasa ndiye meneja na mimi napanguza runinga zote nane peke yangu. Bwana Athman sithubutu kumtazama.

Nimekaa stoo nikapima makosa yangu kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimeyaona. Mpango ulikuwa mzuri, ila kitabu kilikuwa kipya mno. Cha Mei! Mtu yeyote angeweza kuwamo.

Nimeshuka mlangoni nikamwomba Oloo anitafutie cha mwaka juzi, na hasa kurasa za waliokwenda kwa wakili, ghorofa ya nne. Watu wa heshima hao. Ametaka mandazi manne.