Wakala Pekee wa Tukeley

Jumatatu, 4 Machi 1974
Bahati! Nyuma ya kabati la duka nimekuta kitabu cha kampuni ya Tukeley ya Uingereza, watengenezaji wa mashine za mafundi redio za kupimia umeme. Historia yao yote imo. Ndugu wawili, walianzia kwenye banda la kuku! Mimi nina duka zima hapa Old Kampala, nililogawiwa na serikali Wahindi walipoondoka. Mawakala nao waliondoka. Amebaki nani? Mimi, Mansur! Nimechora kibao: WAKALA PEKEE WA TUKELEY. Mke wangu Rahima akauliza kama Tukeley wenyewe wanajua. Nikamjibu watajulishwa.

Jumanne, 5 Machi
Olweny, fundi wa duka la jirani, kacheka hadi kashika mlango. Eti Tukeley walinunuliwa na Wadenmaki miaka sita iliyopita. Kasoma kwenye gazeti la mafundi. Wivu! Hata hivyo nimeongeza kwa rangi nyekundu: NA DENMAKI.

Jumatano, 6 Machi
Sijakaa chini tangu asubuhi. Mara mlangoni, mara dirishani. Mteja hakuna. Olweny kapita tena: Wadenmaki nao wamenunuliwa na Wamarekani. Kibao kimejaa. AMERIKA nimeiandika pembeni, herufi zimesimama wima.

Alhamisi, 7 Machi
Lo! Landrova ya jeshi. Sajenti Ochola kasoma kibao chote polepole, midomo ikitembea.
"Wewe ndiye wakala?"
Ndiyo, afande. Akatua mezani Tukeley ya kambini, imekufa. Kamanda anaitaka kesho saa nne. Nikajaribu kujitoa: kampuni iliuzwa, afande, ikauzwa tena. Akauliza, basi mimi nawatumikia Wamarekani? Nikasema itakuwa tayari.
Nimeifungua. Waya kama matumbo ya mbuzi. Nimeifunga. Nimeifungua. Mtaa wa pili fundi saa alichukuliwa kwa landrova kama ile. Kiti chake bado kipo barazani.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi mapema Rahima kaibeba mashine hadi kwa Olweny, bila kuniuliza. Nikamfuata, nikijifanya napita tu. Olweny safari hii hakucheka. Kaangalia barabarani, kafunga mlango, kashika bisibisi. Fyuzi moja, na waya uliokatika. Kataka kitu kimoja tu: nishushe kibao. Nimeapa.
Saa nne mstari wa kijani ukacheza kwenye kioo cha mashine. Ochola akanipa mkono. Mimi! Kibao nimekishusha.

Jumamosi, 9 Machi
Nimepumua. Mchana, pale soko la Owino, Katembo, mchuuzi kutoka Zaire, kanionyesha sanduku la mita za umeme zisizo na jina la kampuni yoyote. Hakuna jina! Basi hakuna Mdenmaki wa kuinunua. Nimezichukua zote. Sindano inasimama kwenye namba ileile hata mita isipounganishwa. Uthabiti gani huo! Kila moja nimeigonga muhuri: MANSUR. Kisha nimemwandikia Kamanda mwenyewe, nikimkaribisha Jumatatu aje kuzijaribu.