Kongosho kwa Dokta Hildegarda

Jumatatu, 1 Juni 1992. Kilosa
Nimependa! Dokta Hildegarda, mtafiti kutoka Morogoro, amepanga chumba jirani na kibanda changu cha mitumba. Anachunguza mifereji ya kongosho, la mtu na la wanyama. Leo kaniruhusu kuchungulia kwenye hadubini yake. Jamani! Vijifereji vyembamba, kuta zake seli fupifupi. Vinaungana, seli zinarefuka, mpaka mfereji mkubwa uliovikwa nyuzinyuzi. Wa mtu na wa mbuzi, mimi sikuona tofauti. Yeye anaiona. Natamani aniangalie mimi hivyo, walau dakika moja.

Anataka kongosho la ng'ombe, na msaidizi wa kwenda naye Mikumi. Msaidizi ni mimi. Nassir wa buchani naye anajipendekeza. Mwone!

Jumanne, 2 Juni
Kanipa chupa ya dawa. Kasisitiza nitumbukize kongosho likiwa bado la moto, maana likichelewa linajimeng'enya lenyewe. Nikaitikia, ndiyo Dokta. Baiskeli hadi Rudewa, kwa mzee Sapit, mfugaji, aliyekuwa anachinja. Nikampa shikamoo yake, naye akanipa kongosho, akishangaa mtu mzima kuacha nyama nzuri. Nikaifungua dawa. Lo! Harufu inatoa machozi. Zawadi ya mpenzi niiloweke humo? Nimeimwaga. Kongosho nimelibanika kwa moshi, taratibu, kama shangazi Magreti anavyobanika nyama ya safari. Halitaoza ng'o. Nina akili mimi!

Alhamisi, 4 Juni
Nilivaa koti, nikampelekea kwenye sahani. Akauliza dawa iko wapi. Akasema seli zote zimeharibika, hakuna mfereji wa kutazama. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia pole kaka. Kaka! Nassir alishaleta la kwake, limo chupani. Langu nimelila kwa ugali, peke yangu.

Ijumaa, 5 Juni
Wameondoka kwa basi la asubuhi, yeye na Nassir. Aliniaga kwa mkono. Mkono huo sijaunawa. Wateja wanauliza bei, nawajibu ovyo. Kila gari linalotoka Mikumi nakimbilia barabarani. Namtaka arudi, basi.

Jumatatu, 8 Juni
Habari njema! Dereva wa basi la Mikumi kasema Dokta anahangaika kutafuta kongosho la nguruwe, na Nassir, Mwislamu safi, hataki hata kulisogelea. Mungu yupo! Yohana wa Zombo anachinja nguruwe kesho. Kosa langu nimeshalijua: ule moshi. Safari hii nalichemsha.