Machela ya Tusekile

Jumatatu, 4 Juni 2012
Aibu! Mkuu wa Chuo amenisema mbele ya walimu wote. Tusekile, mwanachuo wangu atembeaye kwa magongo, hawezi kupanda ngazi hadi darasa langu la ghorofani. Akiendelea kukosa vipindi hadi Ijumaa, hataruhusiwa kufanya mtihani. Mkuu akaagiza nibadilishane chumba na Mwalimu Ketrina, afundishaye chini. Mimi! Mkongwe kuliko wote, nikafundishe jirani na jiko, katika moshi wa maharage? Nikaomba nafasi ya kufikiri. Nina mpango.

Jumanne, 5 Juni
Machela! Nimeiazima kutoka zahanati. Wiliam na Danieli, wanachuo wenye nguvu, watampandisha. Tusekile alinisikiliza kwa adabu chini ya ngazi, kisha akauliza kama Mwalimu mwenyewe angekubali kuingizwa darasani kama mgonjwa. Wenzake wakacheka. Nikajibu kwa ukali kwamba kesho nitabebwa mimi, tangu getini, wote waone.

Jumatano, 6 Juni
Baridi kali ya Mbozi. Nikajilaza, nikajifunika blanketi gubigubi. Kosa kubwa! Wanawake waliotoka sokoni Igamba walipoona machela na uso uliofunikwa, wakatua mizigo, wakaangua kilio. Wiliam akashtuka, akaachia upande wake. Nikainuka kuwaeleza kwamba mimi ni mzima. Wakakimbia!
Msiba ulifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta mke wangu, Conjesta, katikati ya waombolezaji, kuni na unga vimekwisha kuletwa. Akasema kwamba ningalikuwa maiti kweli, aibu ingalikuwa ndogo.

Alhamisi, 7 Juni
Sikuthubutu kwenda chuoni. Nasikia Ketrina amehamia juu bila kusukumwa, na Tusekile aliketi mstari wa mbele, chumba cha chini, akimngoja mwalimu. Mwalimu ni mimi. Nami nilijificha nyuma ya ghala la kahawa, nikiona haya hata mbele ya kuku.

Ijumaa, 8 Juni
Nimefundisha chini. Ketrina aliniuliza mlangoni kama ahera nako kuna ngazi. Nikampita, nikaingia. Tusekile amehudhuria, mtihani ataufanya. Sikuweza kumtazama machoni. Moshi ukaniliza, wanachuo wakadhani ni majuto, wakatulia kwa heshima. Sikuwasahihisha.
Baada ya kipindi Tusekile akaniambia kwamba maktaba nayo iko ghorofani, akaomba vitabu vishushwe. Nikamwambia asiwasumbue watu. Nimekwisha kuagiza kamba ndefu na kapu kubwa la kahawa, tumvute hadi dirishani. Jumatatu nitavutwa kwanza mimi.