Habari za Meja Paka na Supu ya Omena

Sogeeni, enyi watu wa Bondeni, nanyi wa Gilgil, nanyi mlimao hadi Ndabibi. Wekeni majembe chini, funikeni sufuria, niwahadithie vita vikuu vya mwaka wa hamsini na saba, ambavyo Dalmas Omolo, mpishi hodari, simba wa jiko la kuni, alipigana na kiu ya paka.

Paka mwenyewe ni Meja, jabari wa kilo sita, mkwaruzaji wa mikono, aliyeshikwa na ugonjwa wa sukari. Bibi yake, Misi Penfold, nesi mstaafu, alimdunga insulini kila asubuhi, kisha akauchemsha mkojo wa paka huyo pamoja na dawa ya buluu katika kichupa: ukibaki buluu, heri, ukiwa kijani, sukari ni kidogo tu, ukigeuka mwekundu, sukari imetamalaki. Miezi miwili mambo yalikwenda vyema. Ghafla, siku tatu mfululizo, ukatoka mwekundu kama tofali, na sindano ilipoongezwa, mwekundu vilevile. Meja akalala sakafuni, macho yamezama. Misi Penfold akasema kesho kutwa atamwita daktari wa mifugo amlaze usingizi usio na asubuhi.

Hapo moyo wa Dalmas, mpishi wa nyumba ile, ukapasuka, maana alimpenda paka yule, na maana kosa lilikuwa lake. Akavua aproni yake, akasimama mlangoni, akanena:

"Memsahib, mimi Dalmas, mtoto ya Omolo, sikuogopa nyoka ya stoo, lakini leo naogopa. Hii paka ilikojolea zulia Jumapili, ikakojolea tena Jumatatu. Mimi nikasema, mwenye kukojoa sana anyimwe maji. Bakuli yake nilificha kabatini. Kama iko mtu wa kufa, si Meja!"

Misi Penfold akaifinya ngozi ya shingo ya Meja. Ikasimama, isirudi.

"Dalmas! Mwili yake nakauka kabisa! Sukari najaa kwa damu, na dawa nakaa tu chini ya ngozi, hapana tembea. Sindano hapana ongeza tena. Lete maji!"

Ndipo vita vikaanza. Maji yakaletwa kwa bakuli. Meja akageuza uso. Yakaletwa kwa kijiko. Kijiko kikaruka hadi dirishani, na mkono wa shujaa ukapata mistari mitano. Dalmas akarudi nyuma, si kwa kushindwa, bali kukichukua chakula chake mwenyewe cha mchana: omena ya Kisumu, wale dagaa wadogo wa ziwani. Akaichemsha bila chumvi, akaipoza, akamimina supu. Pua ya Meja ikacheza. Ulimi ukatoka. Akalamba mpaka maua ya chini ya bakuli yakaonekana, akadai nyingine.

Akanywa hivyo kutwa nzima, na Dalmas akashinda bila kula. Asubuhi ya pili kichupa kikachemka, na watu wawili wakakiinamia. Rangi ikawa kijani.

"Kijani, Memsahib!" akanguruma Dalmas, machozi yakimtiririka bila aibu.

Wapo waliovunja ngome na kuteka miji, na majina yao yanasomwa shuleni. Lakini ni wangapi kati yao waliokiri kosa kabla ya kuulizwa, kisha wakashinda njaa kwa ajili ya aliyewakwaruza?